Macho Yaliyozoea Kijani: Namna ya Kurudisha Mshangao Shambani, Nyumbani na Kwenye Uongozi

Swali hili halikomi. Linaulizwa na mwalimu mkuu, na mama mwenye shamba dogo la chai, na mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani, na kijana wa bodaboda anayeshinda kati ya Roret na Litein. Kila mmoja ana maneno yake, lakini kiini ni kimoja: wageni wakifika huku Kericho na Bomet husimamisha gari kando ya barabara wakapiga picha hadi wakasahau walikokuwa wakienda. Sisi wenyeji tunapita palepale tukiwaza kilo, mbolea na karo. Tufanye nini ili tuone tena? Wenye vyeo nao huongeza swali la pili, kwa sauti ya chini: kiongozi akionekana anashangaa mbele ya watu, si atadharauliwa?

Nimeamua kujibu kwa urefu. Ninachoamini ni hiki: kustaajabu ni jambo la kujizoeza, kama kuamka mapema, na halihitaji nauli. Kiongozi aliyejizoeza hujiona mdogo kidogo kuliko jana, na hapo ndipo watu wake hupata nafasi ya kusimama.

Anza na kilichoko mkononi

Usianze na mlima wala bahari. Anza na chai, kwa sababu ndiyo uliyoizoea zaidi, na penye mazoea mengi ndipo pana kazi.

1. Chuna kilo moja, majani mawili na chipukizi, bila kuchanganya na majani makavu. Ipime. Kisha imwage juu ya gunia safi uhesabu vichipukizi kimoja kimoja. Utapita mamia, na huenda ukavuka elfu. Kila kimoja kilichaguliwa na jicho na kukatwa na kidole.

2. Sasa zidisha. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Chukua pakiti ndogo ya chai iliyo jikoni uiangalie tena.

3. Tafuta kichaka kilichosahaulika pembeni mwa shamba, kisichochunwa wala kupogolewa miaka mingi. Chai ni mti. Ile aina ya Assam ikiachwa hupita mita 10. Huo usawa wa kijani unaofika kiunoni, ambao wageni huupiga picha, si umbile la mmea. Umetengenezwa na mikono inayorudi kila wiki moja au mbili, mwaka baada ya mwaka.

4. Uliza umri wa shamba. Makampuni ya Uingereza yalianza kupanda chai ya biashara Kericho katika miaka ya 1920, na mti uliotunzwa vizuri huchunwa kwa zaidi ya nusu karne. Huenda mti unaouchuna leo ulimjua babu yako.

5. Ifuate chai hadi mwisho wa safari. Chai ya kiwandani huenda kwenye mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Kutoka hapo huingia melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Karachi kuna mtu anakunywa asubuhi yako.

Najua pingamizi lako: "Nimechuna miaka ishirini. Nitashangaa nini tena?" Basi nenda ukaione chai ya zambarau. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa chai pale Timbilil, Kericho, waliitoa rasmi kwa wakulima mwaka 2011 kwa jina la TRFK 306, baada ya utafiti wa takriban miaka 25. Jani lake lina rangi ileile inayopatikana kwenye zabibu nyeusi. Watu walikaa robo karne wakitazama majani ambayo wewe na mimi tulidhani tunayajua yote. Mazoea yana uwezo wa kuficha kitu kilicho mbele ya pua.

Fuata maji

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nenda kwenye chemchemi au kijito kilicho karibu na kwako. Nenda asubuhi, kwa maana huku mvua ni ya alasiri. Simama pale maji yanapotoka ardhini, kisha jiulize maswali mawili tu: yametoka wapi, na yanakwenda wapi?

Yametoka kwenye mvua, na mvua yetu hailetwi na bahati. Msitu wa Mau, ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote ya milimani katika Afrika Mashariki, hushika unyevu, huuachia polepole, na hulisha mito upande huu na upande ule. Upande wa Bomet, mito ya Nyangores na Amala hushuka na kuungana kuwa Mara, ule ambao nyumbu huvuka mbele ya kamera za dunia nzima. Upande wetu wa Bureti, vijito huingia katika mito kama Kipsonoi na Itare, nayo huishia katika mto Sondu.

Huko Sondu, maji hayo huingizwa katika handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita, yakazungusha mitambo ya Sondu-Miriu ya megawati 60, inayozalisha umeme tangu 2008, kisha yakatumiwa tena katika kituo cha Sang'oro chini yake. Taa ya jikoni kwako huenda imewashwa na mvua iliyolowesha paa lako. Baada ya hapo maji huingia Ziwa Victoria, hutoka Jinja, hupita Uganda, Sudan Kusini na Sudan, hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nile yanayofika Misri hutoka Ethiopia. Lakini yetu nayo yamo. Na Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Kwa hiyo yuko mtu Kairo anayechemsha chai ya nchi yetu kwa maji ambayo tone lake moja huenda lilipita Roret.

Ukishalijua hilo, utaona tofauti unapomwona mtu anaosha mtungi wa dawa ya kupulizia mahindi kwenye kijito. Hutahitaji kuhubiriwa juu ya mazingira.

Jinsi ya kulifanya zoezi hili liwe na manufaa:

- Nenda na mzee anayekijua kijito hicho. Mwulize kilikuwa na upana gani alipokuwa kijana, na samaki au miti gani imetoweka. Msikilize bila kumkatiza.
- Nenda na mtoto mmoja, si kundi. Mtoto mmoja huuliza, kundi hucheza.
- Acha simu nyumbani, au izime kabisa. Picha huja baadaye, siku nyingine.
- Ukirudi, msimulie mtu mmoja ulichokiona. Mshangao usiosimuliwa hufifia kabla ya jioni.

"Sina muda"

Unao. Kila mkulima wa chai anaijua saa ile ya kungoja lori la kiwanda. Majani yamepimwa, karani ameandika, na lori halionekani. Wengine husinzia, wengine husengenya, wengi hutazama simu. Dakika kumi za saa hiyo zinatosha. Chagua kitu kimoja tu: buibui kwenye pembe ya kibanda, ukungu unavyopanda kutoka bondeni, mikono ya mama aliyeketi karibu nawe. Kitazame mpaka ukione kitu ambacho hukukiona mwanzoni. Usiondoke kabla ya hapo.

Walimu na wazazi, kwenu hili ni rahisi zaidi, maana mnaye mwalimu wa kustaajabu ndani ya nyumba. Mtoto akiuliza kwa nini mawe ya mvua ni meupe, usimwambie anyamaze. Kama hujui, sema hujui, na mtafute jibu pamoja.

Tazama juu

Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mtu wa nchi ya chai anapaswa kulijua. Waliwapeleka wanafunzi wa chuo kikuu mahali penye mikaratusi mirefu mno. Wengine waliambiwa watazame miti kwa dakika moja, wengine wakageuzwa watazame jengo. Kisha mtu akapita karibu nao akaangusha kalamu kama kwa bahati mbaya. Waliotazama miti waliokota kalamu nyingi zaidi kumsaidia. Dakika moja tu! Na mikaratusi ile ni ya jamii ileile ya blugamu tunayopanda ili iwe kuni za viwandani. Una kichaka chake nyuma ya nyumba. Simama chini yake, inua uso, ngoja dakika ipite.

Usiku pia ni wako. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo katika jioni za Aprili na Mei mtu wa Roret anaweza kuona Msalaba wa Kusini na nyota kubwa za kaskazini usiku uleule, jambo ambalo mtu wa Ulaya hawezi. Kuanzia Novemba, tafuta kundi la nyota la Kilimia upande wa mashariki baada ya giza kuingia. Wakulima wa pwani waliitazama ili kujua majira, na jirani zetu Wanandi nao waliitazama kubashiri mavuno, wakiiita Koremerik, jina ambalo Mwingereza A. C. Hollis aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi. Nuru ya Kilimia unayoiona leo ilianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita, karibu na zama ambazo Wareno walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Wengi walikosa kupatwa kwa mwezi tarehe 7 Septemba 2025, ulipokuwa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne, kwa sababu tu hakuna aliyetoka nje. Jiwekee desturi ya kutoka nje kila usiku kabla ya kulala, hata kwa dakika mbili.

Tahadhari mbili. Radi ikilia, rudi ndani, wala usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Na jua halitazamwi kwa macho matupu hata siku ya kupatwa. Macho yakiungua hayarudi.

Ajabu kubwa zaidi ina miguu miwili

Watafiti walipokusanya simulizi za mshangao kutoka nchi 26, walikuta kwamba kilichowagusa watu mara nyingi zaidi ni wema na ujasiri wa watu wengine, kuliko milima na machweo. Mimi sikushangaa. Tazama tu tulio nao.

Wilson Kiprugut Chumo, mtoto wa Kericho, alileta medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo 1964. Miaka minne baadaye, Mexico, alipata fedha. Mbio zote tunazojivunia leo zimepita mlango alioufungua yeye. Ni watoto wangapi katika shule ya jirani yako wanaolijua jina lake?

Pale Tenwek, karibu na Bomet, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937 ilikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959. Maporomoko ya mto Nyangores yaliyo jirani yalikuwa yakinguruma wakati huo wote. Mwaka 1987 yakaanza kuipa hospitali umeme. Leo madaktari wa upasuaji hufunzwa hapo.

Na mjini Kericho kuna gurudwara kubwa ya Masingasinga, iliyojengwa kumkumbuka Baba Puran Singh aliyeishi mjini humo. Chakula hutolewa bure kwa yeyote anayeingia, wa dini yoyote, maskini na tajiri wakikaa pamoja. Ukipita Kericho, ingia. Funika kichwa, vua viatu, keti, kula, kisha uwatazame wanaohudumu.

Lakini usiishie kwa watu wenye majina. Wiki hii mwendee mtu mmoja kijijini umwulize kazi yake kwa undani: mkunga mstaafu, fundi wa pampu, nyanya (kogo) anayejua dawa ya ng'ombe. Uliza hivi: "Ulijifunza wapi? Siku ngumu kuliko zote ilikuwa ipi? Ni nini watu hawaelewi juu ya kazi yako?" Utarudi nyumbani ukimheshimu jirani uliyempita miaka kumi bila kumwona.

Kosa la kuepuka hapa ni kugeuza mazungumzo yawe mahojiano. Usitoe daftari. Nenda na sukari au maziwa, kaa, na ukubali mursik, maziwa yetu ya mgando, ukipewa.

Sikia kwa masikio mapya

Kapkatet ni karibu, wengi wetu huenda huko kwa shughuli. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika hapo na kurekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha. Walikuwa wamesikia kwenye santuri sauti ya mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, na jina lake likapita katika ulimi wa Kipsigis likatoka hivyo. Kwao sauti isiyo na mwili ilikuwa ya kiumbe nusu mtu, nusu swala, nao wakamtungia wimbo wao wenyewe, kwa mtindo wao, na ala ya nyuzi ya kwao. Rekodi hiyo imesikilizwa duniani kote, na mwaka 2015 nakala zake zilirudishwa katika vijiji zilikotoka.

Wasichana wale walikutana na teknolojia ngeni. Hawakuiogopa, wala hawakuimeza jinsi ilivyokuja. Walistaajabu, kisha wakaumba. Mzazi anayelalamika kwamba simu imemmaliza mwanawe, jaribu njia hiyo: mwambie akuonyeshe kitu kimoja kwenye simu kinachomshangaza, kisha mwombe atengeneze cha kwake, cha hapa nyumbani.

Kinachouma nacho hustaajabisha

Usiwasikilize wanaokuambia kwamba mshangao ni furaha tupu. Nchi ya Kericho na Nandi inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Ukiwa umesimama kizingitini, bati linapigwa hadi husikii sauti yako, na shamba linageuka jeupe, unaona nguvu isiyo na habari nawe. Kesho yake majani yamechanika, na mapato ya wiki kadhaa yamekwenda. Huko nako ni kustaajabu, na hakuna haja ya kukuremba. Mtu aliyekubali udogo wake mbele ya mawe hujiwekea akiba, hupanda mazao zaidi ya moja, na humsaidia jirani bila kungoja kuombwa.

Vilima hivi vina machungu ya aina nyingine pia. Ardhi ya mashamba makubwa ya chai iliondolewa mikononi mwa wenyeji wakati wa ukoloni, na mwaka 1934 ukoo wa Talai ulipelekwa kwa nguvu Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ukimwonyesha mtoto uzuri wa chai, mwambie na hilo. Uzuri usioficha chochote ndio unaodumu moyoni.

Kwa wanaoongoza

Sasa nazungumza na wewe mwenyekiti wa chama, mkurugenzi wa kiwanda, chifu, mwalimu mkuu, mchungaji, mwakilishi wa wadi. Hofu yako ni kwamba heshima itapungua. Lakini heshima ipi? Iko ile ya ving'ora, viti vya mbele na watu kuamrishwa kusimama. Hiyo ni kumtaka mwananchi akustaajabie wewe. Mimi nakuomba kinyume chake: ustaajabu wewe, mbele yao, juu ya kilicho kikubwa kuliko nyote.

Mfano tunao. Wangari Maathai, katika hotuba yake ya Nobel mwaka 2004, hakumalizia kwa mapambano ya Uhuru Park au Karura. Alimalizia kwa kijito cha utotoni mwake, alikoteka maji na kuchezea mayai ya chura akidhani ni shanga, na jinsi kijito hicho kilivyokauka. Mwanamke aliyesimama mbele ya serikali nzima alikuwa bado amebeba mshangao wa mtoto, na huo ndio uliomfanya ajue hasa anachokilinda. Vuguvugu lake la Mkanda wa Kijani, lililoanza 1977, lilijengwa na wanawake wa vijijini kwa sababu aliwaona kuwa wataalamu wa udongo wao.

Haya yafanye, usiyafanye yote kwa mpigo:

- Fanyia mkutano mahali penye jambo lenyewe. Mnajadili chemchemi? Kutaneni kwenye chemchemi. Wazee wa kokwet, baraza la kijiji, walikaa nje, chini ya mti, na si kwa kukosa ukumbi.
- Kabla ya uamuzi mzito, omba dakika mbili za kimya. Wengine watakohoa. Vumilia. Atakayezungumza baada ya kimya mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kuzungumza.
- Sifu kazi kwa undani. "Asanteni kwa bidii" haimfikii mtu. Sema: "Mama huyu ameleta majani safi msimu mzima, hata mwezi wa mvua ya mawe." Ili useme hivyo, lazima uwe umetazama.
- Chuna, pima, beba. Siku moja katika mwezi fanya kazi ya chini kabisa katika shughuli unayoiongoza, bila mpiga picha.
- Hesabu kwa miaka 50. Kila mpango, uliza: mti huu, kisima hiki, darasa hili litakuwaje sisi tukiwa hatupo?
- Sema "sijui" hadharani walau mara moja, kisha mwite anayejua.

Kuna onyo ambalo nalitoa kwa uzito wote. Usitumie mshangao kuziba midomo. Wachunaji wakiuliza malipo ya kilo, usiwajibu kwa kuwaonyesha jinsi vilima vinavyopendeza. Bonasi ikiwa ndogo, wakulima wanadai hesabu, wape hesabu. Mwenye njaa hana deni la kustaajabia mandhari yako. Kiongozi anayezungumzia uzuri wa kazi huku mshahara umechelewa atachukiwa, na atakuwa amestahili.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kulazimisha. Mkuu wa shule anaagiza walimu wote waandike "kilichonishangaza wiki hii", na ndani ya mwezi mmoja imekuwa fomu nyingine ya kujaza. Fanya wewe kwanza, kimya kimya. Wenye kiu watakufuata.

Kukimbilia makubwa. Watu huweka akiba waende Maasai Mara, wakarudi, wakakaa mwaka mzima bila kutazama kitu. Mara ni nzuri, nenda ukiweza. Lakini mto wake unaanzia huku.

Kutaka kuhisi kitu kila siku. Kuna siku utasimama chini ya blugamu na usihisi lolote isipokuwa baridi. Si kosa. Rudi kesho.

Kuogopa dini. Wapo wanaoniuliza kama huku si kuabudu miti. Wazee wetu, walipoelekea jua asubuhi na kumwomba Asis, walijua kutofautisha jua na Aliyelifanya. Mkristo au Mwislamu wa leo hatashindwa. Anayemtukuza Muumba na hajapata kuitazama kazi yake kwa makini ana kiporo cha ibada.

Kudhani ni kwa wenye nafasi. Mikono inayoshika kitu kila siku ndiyo inayojua zaidi juu yake. Mchunaji akipewa dakika kumi na mtu wa kumsikiliza, atakueleza habari za jani ambazo mwenye shamba hazijui.

Wiki hii

Chagua kimoja: kilo moja ya kuhesabu, kijito cha kufuata, au jirani wa kuuliza. Kama unaongoza kikundi chochote, hata cha watu saba, andika kwenye ajenda ya mkutano ujao jambo hili: tutakutana kwenye chemchemi yetu, saa mbili asubuhi, na mzee mmoja anayeijua atatueleza ilivyokuwa. Mpelekee mzee huyo taarifa mapema, umtafutie usafiri kama miguu imechoka, na usimalize mkutano kabla hajamaliza kusema.